Saa kubwa ya bei nafuu: namna ya kuipima pale mezani kabla hujatoa pesa

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba na kuendelea, na malipo ya wakulima yakaanza kusoma benki na kwenye simu, saa za mkononi nazo huteremka kusini kwa wingi. Zinatoka Kariakoo kwenye maboksi, zinashushwa stendi, zinatandazwa mezani Mtwara mjini, kisha zinapanda na machinga mpaka Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea. Nyingi siku hizi ni kubwa: uso wa milimita 45, 48, hata 50 na ushei, cheni ya rangi ya dhahabu, vidude vitatu vya duara ndani na vifungo viwili pembeni. Bei inatajwa juu kabisa, halafu ukigeuza mgongo tu inashuka nusu.

Sina ugomvi na saa kubwa. Anayeipenda aivae, na kwenye mkono mpana inakaa vizuri kuliko hizi nyembamba. Shida yake ni kwamba ukubwa haununui mashine. Ndani ya saa nyingi za bei nafuu mnakaa mashine ndogo ya betri inayotengenezwa kwa mamilioni. Mojawapo inayojulikana zaidi na mafundi ni Miyota 2035, inayotoka kwa Citizen ya Japani. Vipimo vyake ni takribani milimita 15 kwa 18, na unene wa milimita 3 hivi. Mashine hiyo hiyo inaweza kukaa ndani ya saa ndogo ya kike na ndani ya saa ya milimita 50. Nafasi inayobaki kwenye saa kubwa hujazwa pete ya plastiki. Kwa hiyo unapopima saa ya namna hii unapima vitu viwili: gamba, yaani mwili wa nje wa saa, limetengenezwa kwa kitu gani, na lile gamba na mashine yake vinaelewana kiasi gani. Mengine ni mapambo.

Nenda mchana, uchukue rula ndogo ya shule na simu yenye chaji. Usinunue saa usiku chini ya taa za LED. Hata rangi ya kopo inang'aa chini ya taa zile.

Anza na mkono wako, saa baadaye

Laza mkono juu ya meza, weka rula juu ya kifundo pale saa inapokaa, na upime upana wa ile sehemu bapa. Usipime mzunguko. Ukipata milimita 55, hicho ndicho kiwanja chako. Sasa pima saa kutoka ncha ya juu ya masikio, yale yanayoshika mkanda, mpaka ncha ya chini. Namba hii ndiyo ya maana, ingawa wauzaji wanatangaza upana wa uso peke yake. Saa ya milimita 46 yenye masikio marefu yaliyonyooka inaweza kufika 56 na kuning'inia nje ya mkono pande zote mbili. Nyingine ya 48 yenye masikio mafupi yaliyopinda chini ikakaa kimya kabisa. Masikio yakivuka ukingo wa mkono, iache, hata kama imekupendeza. Itagonga kila mlango na kila usukani wa bodaboda.

Angalia na unene. Ukizidi milimita 15, saa haiingii chini ya mkono wa shati wala wa kanzu. Anayeitaka kwa ajili ya Ijumaa na harusi alifikirie hilo mapema.

Uso unasema ukweli kuliko muuzaji

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu uso ndio unaoonyesha kama mashine imezidiwa na gamba.

Tazama kidirisha cha tarehe. Sahani yenye namba za tarehe imefungwa kwenye mashine, kwa hiyo haiwezi kwenda mbali kuliko mashine yenyewe inavyofika. Kwenye saa iliyopangwa vizuri kidirisha kinakaa ukingoni, karibu na alama za dakika. Kwenye saa kubwa yenye mashine ndogo kimesogea ndani karibu na kitovu, na kati yake na ukingo kuna uwanja mtupu. Vivyo hivyo vile vidude vitatu: vikiwa vimebanana katikati huku pembeni kote kweupe, ujue gamba limekuzwa bila mashine kubadilika. Hilo halifanyi saa iwe mbovu. Linakuambia tu kwamba usilipie ukubwa kana kwamba ni ubora.

Kisha mishale. Mshale wa dakika unatakiwa ufike kwenye alama za dakika, au ukaribie sana. Ukiishia njiani, mtengenezaji alichukua mishale ya saa ndogo akaiweka kwenye uso mkubwa. Kuna kosa la upande wa pili pia, na ndilo baya zaidi: mishale mirefu, minene, mizito, juu ya mashine dhaifu. Mota ya ndani ni ndogo sana na kila mashine ina uzito wa mishale inaoumudu. Ukizidishwa, saa huchelewa, betri huisha mapema, na mshale wa dakika huteleza ukitikiswa. Jaribio lake ni rahisi. Vuta kitufe cha kurekebishia majira, weka mshale wa dakika juu ya 12 barabara, na uone mshale wa saa umekaa wapi. Unatakiwa uwe juu ya namba yake, usiwe katikati ya mbili. Kisha zungusha saa 12 kamili ukitazama kama mishale inagusana au inakwaruza uso. Rudisha kitufe, shika saa, gonga kiganja chako nayo mara mbili tatu kwa nguvu ya wastani. Mshale wa dakika ukihama, saa hiyo haifai kwa mwendesha pikipiki wala kwa mtu anayesafiri kwenye barabara ya vumbi.

Vidude vitatu vinahitaji kuulizwa swali: mnafanya kazi gani? Ziko aina tatu. Ya kwanza imechorwa tu, mishale yake imegandishwa na vifungo vya pembeni havibonyei. Ya pili inaonyesha siku ya wiki, tarehe na saa 24. Ni halali, inafanya kazi, ila haipimi muda wa mbio. Ya tatu ni kipima muda cha kweli: ukibonyeza kifungo cha juu mshale mmoja unaanza kukimbia, ukibonyeza tena unasimama, na cha chini kinaurudisha mwanzo. Ukirudi, lazima utue juu ya 12 sawasawa. Mashine ya aina ya tatu ni ghali kuliko zile mbili, kwa hiyo bei ya juu kidogo hapo ina sababu. Bei hiyo hiyo kwa vidude vya kuchorwa ni kutozwa pesa ya rangi. Bonyeza kila kifungo. Mwenye saa akikuzuia usibonyeze, umeshapata jibu.

Maandishi madogo chini ya 6 nayo yasome. "Japan Movt" maana yake mashine imetoka Japani, au imedaiwa hivyo. Gamba, kioo na cheni vinaweza kuwa vimetengenezwa kwingine. Ni alama ya kawaida kwenye saa nyingi zilizounganishwa China na si aibu. "Swiss Made" ni habari nyingine. Tangu mwaka 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa zitumike nchini humo, na saa ya namna hiyo haiuzwi mezani kwa bei ya mfuko wa saruji. Kuhusu Rolex za elfu kumi na tano sitasema kitu, tunajuana.

Geuza nyuma

Huku ndiko wengi wanakopigwa kwa maandishi ya kweli kabisa. Mfuniko umeandikwa "Stainless Steel Back", na muuzaji anasema, "Kaka, soma mwenyewe, stenlesi tupu hii." Umesoma vizuri? Imeandikwa kwamba mfuniko wa nyuma ni stenlesi. Basi. Gamba lenyewe, lile lenye uzito na mng'ao, mara nyingi ni mchanganyiko wa zinki uliochovywa kromu au rangi ya dhahabu. Saa ambayo gamba lake zima ni stenlesi kwa kawaida hujitangaza "All Stainless Steel" au "Stainless Steel Case".

Kwa wenzetu wa bara jambo hili huenda lisiwaumize sana. Pwani linaumiza. Jasho la joto letu na hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi mjini hupenya rangi ya kuchovya kwenye maeneo yanayosuguliwa, hasa ndani ya masikio na upande unaogusa ngozi. Chini yake zinki hutoa unga mweupe na vipele vya kuchimbika. Wapo pia ambao ngozi yao huwasha na kutoka upele kwa sababu ya nikeli iliyo chini ya rangi. Wakulima wa korosho wana adui wa ziada: salfa. Wakati wa kupuliza mikorosho, vumbi lake likichanganyika na jasho huipiga weusi shaba yoyote iliyo chini ya rangi iliyochubuka. Saa ya kuvalia ibaki nyumbani siku ya kupuliza, iwe ya bei gani.

Watu hupenda kujaribu kwa sumaku. Jaribio hili lina mtego. Sumaku ikinasa kwa nguvu, hicho mara nyingi ni chuma cha kawaida kitakachoshika kutu. Isiponasa, bado hujajua kitu, kwa sababu stenlesi nzuri hainasi, zinki hainasi, na shaba nyeupe ya kuchanganya nayo hainasi. Afadhali utazame kona za ndani, penye mashimo ya pini za mkanda. Rangi ya kuchovya huonyesha malengelenge na ukingo wa mviringo kama uliyeyuka. Stenlesi iliyokatwa kwa mashine ina kona zilizonyooka. Uzito nao usikudanganye. Zinki ni nzito ya kutosha, na kipande cha chuma kinaweza kutupiwa ndani kwa ajili ya kukushibisha mkono.

Maji

Maandishi ya maji yanaeleweka vibaya kuliko yote. Mita 30, au 3 BAR, haimaanishi unazama nayo mita 30. Ni shinikizo lililopimwa kiwandani kwa saa mpya iliyotulia. Kwa matumizi yetu lichukue hivi: 3 BAR ni mvua na kunawa mikono, wala usioge nayo, 5 BAR inavumilia kuoga na kuogelea kidogo, 10 BAR ndiyo ya mtu anayeingia baharini Msimbati au anayekwenda kuchokoa pweza maji ya bamvua yakikauka. Iliyoandikwa "Water Resistant" bila namba yoyote ihesabu kuwa ya kunyunyiziwa tu. Na iliyoandikwa 100M huku mfuniko wake ni wa kubana na kitufe kimelegea kinacheza pembeni, usiiamini. Maandishi hayagharimu kitu.

Uwezo wa maji unategemea pete nyembamba ya mpira chini ya mfuniko. Mfuniko ukifunguliwa kubadilisha betri na pete ikarudishwa imepinda au imekauka, ile namba ya BAR imekufa. Kwa hiyo mwambie fundi akuonyeshe mpira kabla hajafunga. Ukiona ukungu unaokaa ndani ya kioo unapotoka juani kuingia kwenye kiyoyozi, maji yameshaingia, na mashine itafuata.

Kioo, kwa haraka

Gusa kioo kwa mdomo au shavu. Plastiki ina uvuguvugu, kioo cha kweli kina ubaridi. Ukigonga kwa ukucha, plastiki inatoa sauti iliyozibwa. Plastiki inachunika upesi lakini michubuko midogo inasuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa ikatoka. Kioo cha madini, yaani kile cha kweli, hakichuniki kwa urahisi, ila mchanga wetu wa pwani una kwatzi ambayo ni ngumu kukizidi, kwa hiyo usiifute saa yenye mchanga kwa fulana. Suuza kwanza kama inaruhusu maji. Ukiambiwa kioo ni yakuti ("sapphire"), kwa saa ya bei hii tabasamu tu.

Mkanda na cheni: hapa ndipo thamani inapojificha

Pima kwa rula nafasi kati ya masikio. Ikiwa ni milimita 20, 22 au 24, na mkanda umeshikwa na pini za kawaida zenye springi, umepata saa ambayo mkanda wake utapatikana popote, hata Lindi. Ikiwa mkanda umeungana na gamba kwa umbo lake la pekee, siku ukikatika saa nzima imeisha. Mimi hiki kigezo kimoja hunitosha kuiacha saa nzuri mezani.

Cheni ishike kwa mlalo uitikise. Ile ya bati lililokunjwa inalia kama njuga na inavuta nywele za mkono. Fungua kibanio cha kufungia: ukiweza kukikunja kwa vidole viwili, kitafunguka chenyewe siku moja ukiwa kwenye pantoni ya Msangamkuu. Ngozi kwa joto la Mtwara hunuka ndani ya miezi michache. Mpira laini wa silikoni au kitambaa cha nailoni vinavumilia jasho zaidi, japo havina heshima ya harusini.

Sasa hesabu ya bei

Kabla ya kutaja bei yako, pita kwa fundi saa yeyote anayekaa karibu na soko na uulize vitu vitatu: anabadilisha betri kwa kiasi gani, kioo kwa kiasi gani, na mashine nzima kwa kiasi gani. Mashine za betri za kawaida hazitengenezwi zikifa. Zinatolewa na kuwekwa nyingine, kazi ya dakika chache, alimradi fundi anayo ya vipimo hivyo hivyo. Ukimtajia saa yenye mashine ya kawaida ya mishale mitatu atakujibu mara moja. Ukimtajia ya vidude vitatu atafikiri kidogo. Kufikiri kwake ni gharama yako ya baadaye.

Halafu gawa bei kwa miezi. Tuseme saa moja ni shilingi 25,000 na rangi yake itadumu miezi 6; umevaa kwa zaidi ya 4,000 kwa mwezi. Nyingine ni 60,000, gamba lote stenlesi, mkanda wa milimita 22, na utakaa nayo miaka 3. Hiyo ni chini ya 1,700 kwa mwezi. Weka pia upande wa tatu wa mizani: saa ya mtumba ya Kijapani au Casio ya plastiki. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ni ndogo na haina mbwembwe, lakini betri yake imekadiriwa kudumu miaka 7. Kama unachotaka ni kujua saa ngapi, hesabu imekwisha hapo. Kama unataka saa inayoonekana kutoka upande wa pili wa barabara, lipia muonekano huo kwa kujua, na usilipe kama unanunua cha kurithisha.

Ile bei kubwa iliyochapishwa kwenye kikaratasi kinachoning'inia isahau kabisa. Kuna kampuni zinazouza saa kubwa duniani kote kwa mtindo huo: bei ya kikaratasi juu sana, punguzo kubwa, na mnunuzi anaondoka anajiona mjanja. Anzia kwenye thamani uliyopima mwenyewe, upande kidogo kidogo. "Anko, gamba ni la kuchovya, vidude vimechorwa, nikupe ngapi?" Ukishaitaja kasoro kwa jina, mazungumzo yanabadilika, na bila kugombana. Omba pia maneno haya: ikizima ndani ya wiki, nairudisha? Chukua namba yake ya simu na umpigie palepale iite.

Wiki ya kwanza

Weka saa sawa na simu yenye muda wa mtandao, mpaka sekunde. Ndani ya mashine ya betri kuna kijiwe cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na mashine kama ile Miyota 2035 imeahidiwa kupotea si zaidi ya sekunde 20 hivi kwa mwezi, mbele au nyuma. Baada ya siku saba, ikiwa imepotea sekunde tano ni sawa. Ikiwa imepotea dakika nzima, ama mishale inakwaruza, ama mashine ni mbovu, ama betri inakata roho. Irudishe wakati ile ahadi ya wiki bado ina joto.

Tarehe usiibadilishe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku kwa majira ya saa yenyewe, maana meno ya tarehe yanakuwa yameshaanza kushikana. Sogeza mishale itoke eneo hilo kwanza. Tarehe ikigeuka mchana, zungusha saa 12 mbele, saa haijaharibika.

Ukibadilisha betri, omba yenye herufi SR, kwa mfano SR626SW, ambayo ni ya oksidi ya fedha. Zile za kwenye kadi zilizoandikwa AG4 au LR626 zina umbo lile lile lakini ni za alkali: nguvu yake hushuka taratibu na huwa na tabia ya kuvuja. Tofauti ya bei ni ndogo ukiilinganisha na mashine mpya. Na saa ikikaa kabatini imezima, toa betri hata kama hujapata nyingine.